Amana Iliyo Mfukoni

Mlango una kazi mbili: kuingiza na kuzuia. Nyumba isiyo na mlango ni pango, na nyumba ambayo mlango wake haufunguki ni kaburi. Basi busara ya mwenye nyumba haijulikani kwa wingi wa kufuli zake, wala kwa wingi wa wageni wake. Hujulikana kwa namna anavyopambanua nani akaribishwe, aingie chumba kipi, na kwa haja gani.

Watu wa nchi ya Bungoma waliijua hekima hii tangu zamani. Vijiji vya Wabukusu vilizungushiwa kuta za udongo na mahandaki, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba. Karibu na mji wa Webuye kiko kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza wakiwa ndani ya boma la namna hiyo. Siku ile ukuta haukuwaokoa, kwa kuwa bunduki zilikuwa na nguvu kuliko udongo. Lakini boma lile liliacha fundisho ambalo halikubomoka. Aliyekabidhiwa mlango wake hakulinda kichwa chake peke yake. Alilinda wazee, watoto na mifugo ya wenzake. Kama angaliufungua kwa uvivu, hasara isingalikuwa yake tu.

Leo boma hilo limo mfukoni mwako, msomaji. Simu ya kisasa imehifadhi majina ya jamaa zako, picha za rafiki zako, na maneno uliyoambiwa kwa siri. Na tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha pia. Kila programu unayoisakinisha ni mgeni apigaye hodi. Swali la insha hii ni hili: je, kuulinda mlango huo ni hiari ya mwenye simu, kama kuchagua rangi ya shati, au ni wajibu anaodaiwa na wenzake?

Wengi watajibu kuwa ni hiari. Watasema, "Simu ni yangu, nikiibiwa, naibiwa mimi." Neno hili lina sura ya haki, lakini halina mwili wake. Chombo ni chako. Vilivyomo si vyako vyote. Namba ya mama yako ni ya mama yako. Mwalimu alikupa yake ili umpigie inapokulazimu, si ili umgawie mtu asiyemjua. Rafiki aliyekutumia picha alikuamini wewe, hakumwamini kila mgeni utakayemfungulia. Vitu hivi kwako ni amana, na mwenye kuweka amana hana ruhusa ya kuitoa sadaka, sembuse kuitupa.

Ushahidi wa jambo hili haupo mbali. Kwa miaka mingi Wakenya wamekopa fedha kwa njia ya simu. Mtu mwenye shida aliisakinisha programu ya mikopo. Programu ikaomba ruhusa ya kuitazama orodha ya majina. Naye akabonyeza neno la kukubali bila kulisoma. Siku ya kulipa ilipopita, simu hazikulia kwake peke yake. Zililia kwa shangazi yake, kwa mwajiri wake, na kwa fundi aliyemshonea nguo mara moja tu. Watu wasiokopa hata senti wakadaiwa na kutishwa, na mdaiwa akavuliwa heshima mbele ya wote. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya vitisho vya namna hiyo. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Makosa hayo mawili ni ndugu: yote ni kutumia cha mtu bila idhini ya mwenyewe.

Utauliza, "Je, serikali haipo?" Ipo, nayo imefanya kazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ilitungwa mwaka 2019. Sheria ya mwaka 2021 iliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, na kanuni za mwaka 2022 zikawakataza kuyatumia majina ya simu ya mdaiwa kwa kudai deni. Mwaka 2023 Google nayo ilizipiga marufuku programu za mikopo katika duka lake kuomba majina na picha. Haya yote ni mema. Walakini sheria humwadhibu aliyeingia. Haiwezi kuirudisha siri iliyokwisha kutoka. Fedha iliyopotea huweza kulipwa. Siri ni maji, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mwingine atateta kwa hoja yenye uzito zaidi. Atasema kuwa mzazi ambaye mtoto wake anaungua kwa homa usiku hana nafasi ya kusoma masharti marefu yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. Hoja hii ni ya kweli, wala haifai kuipuuza. Aliye katika dhiki anastahili msaada kabla ya mawaidha, na hatia kubwa ni ya mlaghai aliyetega mtego penye maji ya kunywa. Lakini jiulize, msomaji: ni mara ngapi wewe umebonyeza kwa dhiki? Mara nyingi kijana hubonyeza kwa ajili ya mchezo, au kwa kutaka kuigeuza sura yake katika picha. Dhiki ina udhuru, uvivu hauna. Tena, kwa kuwa dhiki hutunyima nafasi ya kufikiri, busara haina budi kufanyiwa mazoezi siku ya raha, ili siku ya shida iwe imekwisha kuwa desturi.

Mazoezi yenyewe si mengi. Mgeni aulizwe maswali matatu. La kwanza: umetoka wapi? Programu itwaliwe katika duka linalojulikana, na jina la mtengenezaji lisomwe, kwa maana walaghai huiga majina ya wenye sifa. Faili iliyoletwa kwa ujumbe wa WhatsApp pamoja na ahadi ya zawadi ni mgeni aliyerukia dirishani. Hata dukani huweza kupenya mwovu, kwa hiyo swali la kwanza halitoshi. La pili: unataka nini? Soma ruhusa zinazoombwa. La tatu: je, utakacho kinalingana na kazi yako? Mwaka 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni iliyotengeneza programu ya tochi kwa sababu programu hiyo ilipeleka kwa watangazaji wa biashara habari za mahali mtumiaji alipo. Tochi kazi yake ni kumulika. Yataka kujua uendako kwa nini? Ikiwa jibu halipatikani, mlango usifunguliwe. Na namba ya siri ya fedha haina mgeni wake: asipewe yeyote, kwa sababu yoyote.

Haya si mawaidha ya woga. Programu njema humfikishia mwanafunzi wa Webuye vitabu ambavyo duka la mji halina, na humwezesha mkulima kando ya mto Nzoia kulipwa bila safari. Anayekataa kila mgeni hukosa wema wa wageni, wala hapati sifa ya hekima.

Iko sababu moja zaidi ya kukupa wewe, kijana, neno hili. Katika nyumba nyingi ni wewe unayepewa simu ya bibi au ya mjomba, ukaambiwa, "Niwekee kile kitu, mimi sikijui." Saa hiyo unashika ufunguo wa boma lisilo lako. Bibi hatasoma masharti; ameusoma uso wako tu, akaridhika. Basi wasomee wale wasiosoma, uliza pale wasipoweza kuuliza, na lipi linaombwa waeleze kwa lugha wanayoifahamu kabla kidole chako hakijagusa kioo. Kukubali ni neno fupi, na kidole hulitamka upesi kuliko ulimi. Lakini ulikubalipo, umelisema kwa niaba ya wote waliokuamini.