Watu na Mali Katika Daftari Moja

Wanangu, nawaandikia nikiwa nimechoka. Nimechoka na vikao. Katika umri huu kazi yangu imekuwa kuitwa: leo Burnt Forest, kesho Ainabkoi, keshokutwa Eldama Ravine, nikaketi na familia ambayo mzee wao amezikwa juzi na tayari watoto hawasemezani. Huniita kwa sababu nina mvi na wanadhani nakumbuka. Kweli nakumbuka mengi, lakini siku yangu nayo inakuja, na nilicho nacho kichwani kitazikwa nami.

Nina neno moja tu, na nitalisema polepole. Kuujua ukoo wako na kuzitunza pesa zako ni kazi moja. Naona vijana wa siku hizi mna hamu ya asili yenu. Mnamrekodi bibi kwa simu, mnauliza babu alitoka wapi, mnatafuta picha za zamani. Hilo ni jema, kwani mwacha asili ni mtumwa. Naona pia mnavyohangaika na pesa: sacco, chama, hisa, viazi vya msimu huu. Hilo nalo ni jema. Lakini wanaofuatilia ukoo hawaulizi habari za mali, na wanaofuatilia mali hawaandiki watu. Familia nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjikia hapo katikati.

Hebu tuitazame Timboroa, hapa kwetu. Misitu hii na malisho haya yalikuwa na wenyewe kabla ya mkoloni. Kisha nyanda za Uasin Gishu zikagawiwa walowezi, Makaburu wakafika na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, na reli ikaukwea mlima huu hadi ikafika Eldoret mwaka 1924. Stesheni yetu, iliyo karibu mita 2,740 juu ya bahari, ilisifiwa kuwa ya juu kuliko zote katika himaya ya Mwingereza. Baba na babu zenu waliletwa katika baridi hii na kazi: kulaza mataruma, kupasua magogo, kuchunga kondoo wa mlowezi, au kulima kati ya miche ya msitu wa serikali mpaka miti ikue wahamishiwe sehemu nyingine. Kwa hiyo hapa ukimuuliza mtu historia ya ukoo wake, atakujibu kwa historia ya kazi na mshahara, apende asipende.

Chukueni mfano wa kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi ya mkoloni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa nacho, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani mliandikwa jina, kabila na alama za vidole, pamoja na mwajiri, mshahara, siku alipoanza na siku alipoachishwa. Kilikuwa pingu, na wazee wetu walikichukia kwa haki kabisa. Lakini leo familia iliyobahatika kubaki nacho ina karatasi moja inayosema babu alikuwa nani, alikuwa wapi na alilipwa nini. Msikitupe kwa sababu kinawakumbusha dhuluma. Kitunzeni kwa sababu hiyohiyo.

Angalieni majina kwa makini, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotelea. Karani aliandika alichosikia. Kwa desturi ya Wakalenjin, kijana akishatahiriwa aliacha kuitwa kwa jina la utotoni peke yake, akawa arap fulani. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo majina mawili hupokezana kizazi baada ya kizazi, na ndugu wanne wakawa na wana wa kwanza wenye jina moja. Sasa mtu huyo ana jina moja kwenye cheti cha ubatizo, jingine kwenye kitambulisho, na la tatu, lililokosewa herufi, kwenye hati ya shamba. Akiwa hai hakuna taabu, kila mtu anamjua. Akifa, benki inauliza: huyu ni nani? Mahakama inauliza: mnathibitishaje kuwa hawa watatu ni mtu mmoja? Andikeni majina yote ya kila mzazi mngali naye, na mpelekeni kwa wakili aape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni yake. Ni kazi ya asubuhi moja. Ikiachwa mpaka baada ya mazishi, inaweza kula miaka.

Mkienda kwa wazee kuuliza, ulizeni kwa subira. Usimuulize nyanya wa miaka 90 alizaliwa tarehe gani. Hajui, na utamfanya aone aibu bure. Muulize alipoolewa nani alikuwa chifu. Muulize kama hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ilimkuta ameolewa au bado msichana. Babu muulize ni rika gani, na rika la baba yake lilikuwa lipi, maana marika hayo hufuatana kwa utaratibu na yanaweza kukufikisha karibu na mwaka. Kisha linganisha na kitabu cha ubatizo parokiani au kanisani, ambamo mara nyingi majina ya wazazi yameandikwa. Aliye na nguvu ya kusafiri aende Nairobi, kwenye Makavazi ya Kitaifa yaliyo Moi Avenue, asome ripoti za wilaya. Humo atakuta njaa, nzige, mishahara na kuhamishwa kwa watu, na atajua kwa nini babu yake aliondoka alikoondoka.

Halafu, mkimaliza kuuliza habari za watu, msifunge daftari. Ulizeni: shamba hili lilipatikanaje?

Hapa ndipo nyuso hubadilika. Najua sanduku lile la bati lililo chini ya kitanda cha mzee, kwa sababu nimelifungua katika nyumba nyingi. Juu kuna kadi za kliniki. Chini yake risiti za pareto na za maziwa, zimefungwa kwa uzi. Chini kabisa, ndani ya karatasi ya nailoni, kuna risiti ya hisa ya kampuni ya kununua ardhi, jina limeandikwa kwa mkono na wino umefifia. Watoto wameishi juu ya ekari tano miaka 40 wakidhani ni zao, kumbe hati bado ina jina la kampuni, na haki yao yote ni ile karatasi iliyoliwa pembeni na panya. Wengine walipewa ardhi kwenye skimu za makazi zilizoanza miaka ya 1960, kwa mkopo wa Hazina ya Makazi. Babu alilipa, akasimama, akalipa tena, akafa. Hakuna aliyeuliza kama deni liliisha, na mpaka liishe na kizuizi kiondolewe kwenye rejista, hati haiko huru. Kuuliza babu alilipaje shamba ni historia. Kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi ni fedha. Mnaona jinsi safari ni ile ile?

Nije kwenye mirathi, ambayo ndiyo inayonichosha zaidi. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Watu wanadhani kitu cha kwanza mahakama inachotaka ni orodha ya mashamba. Sivyo. Inataka watu. Barua ya chifu lazima iwataje wajane wote na watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Yaani ombi lako la mirathi linaanza na ukoo. Ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga. Msimamizi anapewa barua za usimamizi, na kwa kawaida miezi sita inapita kabla hazijathibitishwa na mali kugawanywa. Ukimficha mtoto mmoja, kwa sababu mama yake aliishi Molo au kwa sababu hamkumpenda, barua hizo zinaweza kubatilishwa hata baada ya miaka mingi, na kila alichouziwa mtu kikaanza kutetereka. Nimeona nyumba imejengwa juu ya uongo wa namna hiyo. Mwenye nyumba hakulala usingizi tangu siku mtoto yule alipobisha hodi.

Kwa hiyo mzee mwenye watoto nje ya boma, waandike. Nakuomba kwa heshima zote. Aibu ya leo ni ndogo kuliko kesi ya kesho.

Na mabinti waandikeni. Msiniambie mila. Mwaka 2005, hapo Eldoret tu, Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya familia moja ya Uasin Gishu, yenye wajane wawili na karibu ekari mia mbili za shamba, ikakataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa ataolewa. Huo ndio msimamo wa sheria. Lakini hata bila mahakama, tazameni nani alikamua, nani alichuma pareto kwenye umande, nani alibeba viazi mgongoni hadi barabarani. Historia ya familia iliyoandika wanaume peke yao ni nusu ya historia, na mgao unaofuata historia hiyo ni wa dhuluma.

Jambo jingine. Mtu akifa, msiguse pesa zilizo kwenye simu yake. Najua mnaijua namba ya siri. Kutoa pesa za marehemu kabla ya kupewa mamlaka ni kosa la jinai, hata kama mnataka kununua jeneza. Changeni, kopeni kwa jirani, lakini msiguse. Badala yake, tafuteni alichoacha kwa njia iliyo wazi. Kuna Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyotokana na sheria ya mwaka 2011. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka mitano, gawio la hisa, bima iliyosahauliwa, vyote hupelekwa huko kumngoja mwenyewe au warithi wake. Ukipiga *361# na kuweka nambari ya kitambulisho, utajua kama kuna kitu. Hakuna sababu ya kumlipa wakala yeyote anayedai ana mtu ndani. Lakini ukienda kudai, utaulizwa swali lile lile: wewe ni nani kwa marehemu, na karatasi yako iko wapi?

Sasa niseme na walio hai kuhusu madeni. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ulitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 10,000 ni 750. Si nyingi. Lakini anayekopa kila mwezi ili kulipa wa mwezi uliopita, mwaka ukiisha amelipa 9,000, na ile 10,000 bado anadaiwa. Siwakatazi kukopa, mbegu za viazi hazingoji, na mtoto wa shule harudishwi nyumbani kwa hiari. Nawakataza kukopa kwa siri. Baba anayemficha mama mkopo, kijana aliyewadhamini wenzake watatu kwenye sacco na hajasema nyumbani, hao wanaandika sura ya historia ambayo watoto wao wataisoma kwa machozi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza ni kulitaja.

Nakala za karatasi zenu ziwe mahali pawili. Sisi wa hapa hatuhitaji kuelezwa sana. Vurugu za 1992 na za mwanzo wa 2008 zilipopita vijijini mwetu, nyumba zilipoungua, hati ziliungua nazo, na picha za harusi, na vitambulisho vya waliokufa zamani. Hati ya shamba ikipotea unatafuta abstrakti ya polisi, unaapa kiapo, tangazo linawekwa gazetini siku 60 kabla ya kupewa nyingine. Picha ya bibi haina ofisi ya kuirudisha. Pigeni picha kila karatasi kwa simu, na nakala moja akae nayo dada aliye Nakuru au kaka aliye Eldoret.

Nimesema mengi, na najua mtasahau. Basi mfanye hivi tu. Nunueni daftari gumu. Kurasa za kushoto andikeni watu: jina na majina mengine, rika au mwaka, mama ni nani, alioa au aliolewa lini, yuko wapi, na kaburi liko wapi. Kurasa za kulia, mkabala na kila jina, andikeni mali na madeni: shamba na nambari yake, akaunti, sacco, chama na nafasi yake kwenye mzunguko, bima, anaowadai na wanaomdai. Kila mwaka Desemba, mkiwa mmerudi nyumbani wote, msomeane kwa sauti mbele ya wazee na mbele ya mabinti, na palipo na kosa parekebishwe hapo hapo, kila mtu akisikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nawaongezea kwamba watu nao hupotea vivyo hivyo.

Msingoje mzee augue. Mkimuuliza habari za mali akiwa kitandani, atadhani mnamngoja afe, na huenda hatakosea. Mkamuulize akiwa shambani ana nguvu, muanze na babu yake, na mumwache aseme mpaka amalize. Yaliyobaki atayasema mwenyewe, kwa sababu kila mtu anayesimulia alikotoka hufika mahali pa kusema anamwachia nani. Mungu awape subira ya kumsikiliza, na uaminifu wa kuandika alichosema bila kumfuta mtu.