Ufunguo wa Kabati

Fikiri, kijana msomaji, kwamba leo umekabidhiwa fedha ya shule yako, ukaambiwa: Nunua kifaacho, kwa kadiri ya akili yako. Je, utanunua nini? Swali hili nimewauliza mara nyingi wanafunzi wangu wa ualimu, ambao wengi wao ni wazaliwa wa Migori na Homa Bay, na aghalabu jibu huja upesi: kompyuta. Nikiwauliza tena, ufunguo wa chumba cha kompyuta atakaa nao nani, na kwa nini, darasa hunyamaza. Nataka tuzungumze juu ya kunyamaza huko.

Kwanza yafaa tujue kwamba hiari ya kutumia fedha ya umma ni neema, wala haikuwapo siku zote. Serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Fedha hiyo ilitiwa katika akaunti mbili: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 za mahitaji mengine, kama matengenezo, maji na umeme. Fedha ya vitabu haikuruhusiwa kuziba bati linalovuja, hata kama maji yalidondokea vitabu vyenyewe. Aliyeweka mpaka huo hakuwa mjinga, maana fedha isiyo na mpaka huyeyuka. Lakini mtu aliyeketi Nairobi ataijuaje shida ya kila shule?

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa ustawi wa maeneo bunge, na kamati za huko huko mashinani zikapewa nafasi ya kuchagua kazi za kufanywa. Migori ina maeneo bunge 8, na Homa Bay vivyo hivyo 8. Shule ya kisiwa cha Mfangano, ambako mtu hufika kwa mashua, haina shida moja na shule ya Awendo iliyozungukwa na miwa, wala na ile ya Kuria iliyo mpakani mwa Tanzania. Mmoja ataka bati, wa pili ataka vyoo, wa tatu ataka nguzo ya umeme. Sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 2015, na mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba haipatani na Katiba. Mabishano hayo na tuwaachie mawakili. Hoja iliyo nyuma yake, kwamba mwenye shida apewe nafasi ya kuitaja shida yake, sioni awezaye kuikanusha.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika macho yetu. Kitu huonekana, kazi haionekani. Kompyuta 20 zaweza kupigwa picha siku ya kukabidhiwa, wageni wakapiga makofi. Lakini mwalimu ajifunzaye jioni baada ya jioni namna ya kuzitumia, nani atampiga picha? Marekani walilitambua jambo hili. Sheria yao ya elimu ya mwaka 2015 iliwapa viongozi wa shule za wilaya fungu la fedha la kutumia kwa hiari, lakini katika ile sehemu ya teknolojia ikawakataza kutumia zaidi ya 15 katika kila 100 kwa kununulia mitambo. Iliyosalia ni ya watu na ujuzi wao.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwaka 2017 nilifundisha shule ya msingi karibu na ziwa. Serikali ilikuwa imeanza, tangu mwaka 2016, kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza nchini kote, navyo vikatufikia. Hatukuwa na hiari ya kuvinunua au kutovinunua. Hiari tuliyokuwa nayo ni ya kuvitumia, nasi tukaitupa. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Niliogopa kwamba kikivunjika nitalipa, kikiibwa nitaitwa. Muhula mzima kabati halikufunguliwa ila kwa kupangusa vumbi, na nilijisifu kwamba hakuna hata kimoja kilichopata mkwaruzo.

Siku moja mama muuza omena alikuja shuleni, akaniuliza kwa Kijaluo, “Mwalimu, mwanangu asema mna vitu ving'aavyo mmevifungia. Ni vya nani?”

Nikamjibu, “Ni vya serikali, mama.”

Akasema, “Na serikali ilivipata wapi?”

Sikuwa na neno. Mama yule hulipa ushuru katika kila mche wa sabuni anunuao. Huo ulikuwa wizi usio na mwizi: hakuna aliyechukua kitu, lakini mtoto alikosa kilicho chake. Tena mwizi akishikwa aweza kurudisha mali, bali mimi nisingeweza kumrudishia mtoto mwaka wake wa darasa la kwanza. Na ajabu ni kwamba kwa utunzaji ule nilisifiwa.

Wapo watakaosema, Basi achaneni na mitambo, nunueni madawati na uji. Shauri hili lina huruma, lakini nalishuku. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipitia redio, televisheni na intaneti. Mtoto wa mjini mwenye simu nyumbani aliendelea. Mwenzake wa kijiji kisicho na umeme alingoja, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Anayemwambia mtoto wa Muhuru kwamba dawati lamtosha, je, amemwambia hivyo mwanawe mwenyewe?

Muhula uliofuata tulilifungua kabati. Wiki ya kwanza mtoto mmoja aliangusha kishikwambi, kioo kikapasuka, naye akasimama akitetemeka mbele yangu. Nilikiandika katika daftari, nikatia sahihi yangu, kisha nikampa kingine.