Je, Damu ni Nzito Kuliko Maji?

Tumelelewa kuamini kwamba damu ni nzito kuliko maji. Anayemtupa nduguye kwa ajili ya mgeni tunamlaumu, na mzazi anayejinyima ili mwanawe asome tunamsifu. Mimi sina ugomvi na sifa hiyo. Linalonisumbua ni jingine: je, mapenzi ya mzazi kwa mwanawe yana mpaka? Na kama yanao, mpaka huo uko wapi?

Swali hili lilinijia kwa njia ya tamthilia, nilipokuwa nikiishi katika mji mdogo nchini Marekani. Palikuwa na kikundi cha maigizo cha ridhaa, yaani watu wenye kazi zao za mchana waliokutana jioni kufanya mazoezi bila malipo. Mwaka ule walichagua All My Sons ya Arthur Miller, mchezo ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1947. Mandhari yake ni moja tu, uwanja wa nyuma ya nyumba wenye mti wa tofaa uliovunjwa na upepo. Kikundi kisicho na fedha hukimudu kitu kama hicho. Kazi yangu ilikuwa kushika kitabu na kumkumbusha aliyesahau maneno.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Joe Keller kinatoa silinda hedi za injini za ndege zenye nyufa. Akizitupa, huenda biashara aliyoijenga kwa miaka mingi ikaanguka. Anamwamuru mshirika wake kwa simu azizibe nyufa na kuzipeleka jeshini, kisha mahakamani anakana kutoa amri hiyo. Marubani 21 wanakufa. Mshirika anafungwa, Joe anarudi kwake. Ukweli unapofichuka, utetezi wake ni kwamba alifanya kwa ajili ya familia, ili mwanawe Chris apate cha kurithi. Na Larry, mwanawe mwingine, rubani aliyepotea vitani? Joe anajiliwaza kwamba Larry hakurusha ndege za aina ile. Basi yeye hakumwua mwanawe. Mwishoni barua inaonyesha kwamba Larry alikusudia kujiua kwa fedheha ya kitendo cha baba yake.

Aliyeigiza Joe alikuwa fundi bomba mstaafu. Mwigizaji wa kulipwa hucheza mtu mwovu, akavua mavazi, akaenda zake mji mwingine. Mzee huyu alikuwa ameingia jikoni mwa nusu ya watazamaji wake kuwatengenezea mabomba. Jioni moja alisema hawezi kumcheza Joe kama jambazi, kwa kuwa maneno yale ya familia ameyasema yeye mwenyewe nyumbani kwake maisha yake yote. Mama aliyecheza Kate, mkewe Joe, akadakia kwamba angekuwa yeye naye angeitunza siri ile. Tukanyamaza. Hakuna aliyemkemea, maana wengi wetu tulikuwa na watoto.

Nilijaribu kulifasiri jina la mchezo: Wanangu Wote. Joe analifikia wazo hilo baada ya kifo kumwingilia nyumbani. Sisi tunalitamka kila siku. Mtoto tusiyemjua kituoni tunamwambia, "Mwanangu, nipishe nipite." Je, tujivune kwamba lugha yetu iliwahi kufika? La hasha. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyopakia watu wengi kupita uwezo wake, ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia wakafa. Hao nao waliitwa wanangu na watu wasiowazaa. Neno zuri halizuii maji kuingia melini. Anayepunguza saruji katika ukuta wa shule, au anayeuza dawa iliyopitwa na muda, huenda jioni akawapelekea wanawe mkate kwa mapenzi ya kweli kabisa.

Wapo watakaosema kwamba mzazi anayewapenda watoto wote sawasawa hajawa mzazi wa yeyote. Nakubaliana nao. Mtoto ana haki ya kupendelewa na baba yake. Nikiwa na mkate mmoja, nitampa wangu kwanza, na sioni kwa nini niombe radhi. Lakini msomaji atazame vizuri: mkate huo ni wangu. Joe hakutoa cha kwake. Alichukua roho za vijana 21 akazifanya urithi wa Chris, bila kumuuliza Chris kama anautaka urithi wa namna hiyo.

Nionavyo mimi, mpaka tunaoutafuta upo hapo. Upendeleo ni halali katika kile ninachotoa mfukoni mwangu, jasho langu na usingizi wangu. Unakuwa haramu pale gharama yake inapolipwa na mtu asiyekuwapo mezani tulipokubaliana. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Joe aliusikia uchungu ulipomfikia Larry, lakini mkuki ulikuwa ni uleule tangu siku ya kwanza, na kila mmoja wa wale 21 alikuwa na baba yake aliyeamini kwamba damu ni nzito kuliko maji.