Ganda Lililookoka

Bibi yangu alikuwa mlokole. Nilipomweleza kwamba jina la programu ninayoitumia kazini linachezea neno la kuzaliwa mara ya pili, alicheka mpaka akakohoa. Ni kweli: Stephen Bourne aliandika ganda (shell) la Unix, programu inayopokea amri, lililotoka mwaka 1979, na Brian Fox akaandika la kulirithi, likatoka 1989. Bash, yaani Bourne aliyezaliwa tena.

Bibi akaniuliza, "Sasa huyo, mjukuu wangu, tabia zake za zamani kaziacha wapi?"

Zangu zimo katika faili la .bashrc, lililofichwa kwa nukta. Kila nikipata kompyuta mpya, hilo ndilo ninalolihamisha kwanza. Lilikuwa na mstari alias rm='rm -i', unaoilazimisha mashine iniulize kabla ya kufuta chochote. Miaka sita nikajiona mtu mwangalifu. Siku moja nikaingia kwenye seva ya mteja, isiyo na mstari huo, nikaandika rm * huku nasubiri swali. Swali halikuja. Ripoti za miezi mitatu zikaenda.

Kumbe uangalifu ulikuwa wa faili, si wangu. Mtaniambia kujifunga kamba mwenyewe nako ni hekima. Nakubali nusu. Lakini asiyekula kwa sababu jikoni hamna kitu, huyo hajafunga.

Mstari ule nimeuondoa. Siku hizi naandika ls kwanza, nasoma majina ya faili moja moja, ndipo naandika rm.