Maumivu na Ushahidi wa Damu

Binadamu amepewa njia nyingi za kujua habari za mwenzake, lakini hakupewa njia ya kuyaonja maumivu yake. Njaa ya jirani twaweza kuikadiria kwa kutazama ghala lake, na shida zake kwa kutazama paa la nyumba yake. Maumivu hayana ghala wala paa. Habari zake hutufikia kwa ulimi wa mwenyewe tu, nasi hubaki na uamuzi: tumwamini au tusimwamini? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakusema mwenye kitanda akilalamika tumfanyeje.

Katika maradhi yote, sijui kama kuna yanayotutia katika mtihani huu kuliko ya viungo, ambayo wengi wetu huyaita baridi yabisi yote pamoja. Kwa muda mrefu hayana jeraha la kuonyesha. Mtu anakula, anaongea, anacheka msibani na arusini kama wengine, kisha anasema hawezi kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana, ndugu msomaji, wataalamu wametumia miongo mingi wakitafuta katika damu protini zitakazotoa ushahidi badala ya ulimi.

Fikra yenyewe ni nzuri. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, kitu laini kinachozuia mifupa isisagane. Gegedu likiharibika, vipande vya protini zake hutiririka hadi kwenye damu. Tena yako maradhi ambayo askari wa mwili wenyewe, yaani kingamwili, hugeuka na kuushambulia mwili wanaoulinda, na askari hao waasi nao ni protini zinazoweza kupimwa. Erik Waaler wa Norwei aliwagundua baadhi yao mwaka 1940. Tangu hapo wamepatikana wengine, na kipimo cha kwanza bado kinatumika.

Lakini shahidi huyu ana kasoro zake. Katika wagonjwa wa baridi yabisi halisi, mmoja kati ya watano au zaidi hana kingamwili aliyoiona Waaler, na viungo vyake vinaharibika vilevile. Kwa upande mwingine, kingamwili hiyohiyo hupatikana kwa wazee wasioumwa viungo, na kwa watu wenye kifua kikuu, homa ya ini au malaria. Katika nchi ya malaria kama yetu, basi, shahidi aweza kumtaja asiyehusika na kumsahau mhusika. Na yale maradhi ya kusagika kwa gegedu kwa umri na kazi, ambayo ndiyo mengi zaidi, hadi leo hayana kipimo cha damu cha kutegemewa.

Haya yangekuwa mambo ya maabara tu kama yasingeingia nyumbani kwa watu. Huku Singida namfahamu mama mmoja ambaye amelima uwele na alizeti kwa jembe la mkono tangu alipokuwa binti, na ujana wake wote amesaga unga kwa kupiga magoti mbele ya jiwe. Vidole vilipoanza kumkaza, kaka zake walichanga fedha akapelekwa hospitali moja. Akatolewa damu. Majibu yalirudi na neno moja ambalo kila mtu nyumbani alilielewa: safi. Mganga hakukusudia ubaya. Alimaanisha kwamba kitu fulani hakikuonekana. Lakini neno "safi" lilipofika kijijini lilikuwa limebeba maana nyingine, kwamba mama yule haumwi, na asiyeumwa akisema anaumwa ni mvivu au mwongo. Michango ikakoma. Wifi yake akaacha kumsaidia kuteka maji. Kabla ya kupimwa alikuwa mgonjwa asiyejulikana ugonjwa wake. Baada ya kupimwa akawa mtuhumiwa.

Tazama jambo hili lilivyogeuka. Damu iliitwa kuja kumsaidia mtu asiyeaminiwa, ikaishia kuondoa hata ile imani ndogo aliyokuwa nayo.

Msomaji aweza kunijibu kwamba basi tuamini ndimi, tuache sindano. Sikubaliani. Ndimi za watu nazo zimeua. Katika mkoa wa Shinyanga, hapo jirani, vikongwe wengi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yao yote. Ile nayo ilikuwa alama ya mwili iliyosomwa na wasiojua kusoma. Mtu aliyepindika vidole aweza kuambiwa amerogwa, na hapo lazima apatikane mrogaji. Kipimo kinachoonyesha kwamba ni maradhi, tena yenye jina, humwokoa mgonjwa na humwokoa jirani yake pia. Isitoshe, damu hujua mambo ambayo ulimi bado haujayajua. Watafiti wa Uholanzi walieleza mwaka 2004 habari za wagonjwa 79 wa baridi yabisi waliokuwa wamejitolea damu zamani, kabla ya kuugua, na damu hiyo ikahifadhiwa. Karibu nusu yao tayari walikuwa na kingamwili hizo. Kwa wastani zilitangulia dalili kwa miaka minne na nusu. Huwezi kumdai mtu atoe habari za maumivu ambayo hajayapata.

Ninachouliza ni nani atangulie kusikilizwa. Na hapa mfano mzuri uko kusini mwa nchi yetu. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wilayani Newala na kandokando yake, watu wengi walishikwa na homa na maumivu ya viungo yaliyowakunja wasiweze kusimama wima. Wenyewe waliyaita chikungunya, kutokana na neno la Kimakonde la kujikunja na kujipinda. Ilikuwa baada ya hapo, mwaka 1953, kirusi chake kilipopatikana katika damu ya mgonjwa wa huko. Wataalamu wakabaki na jina lilelile, na leo latamkwa India na Brazili. Hali kadhalika o'nyong'nyong ya Uganda ya mwaka 1959 ilipewa jina na Waacholi, nao walitaja viungo. Waliougua walisema kwanza, na damu ikaja kuthibitisha. Laiti mtu angepima damu ile kwa kipimo cha Waaler na kurudi na neno "safi"!

Na pengine shahidi hayumo ndani ya mtu kabisa. Singida ni mojawapo ya mikoa ambayo maji ya visima vyake yana floridi nyingi. Meno yenye madoa ya kahawia tumeyazoea. Kinachosahaulika ni kwamba maji hayo yakinywewa miaka mingi, floridi huingia mifupani, ikakaza kano na viungo hata mtu asiweze kuinama, na anayemtazama hudhani ni baridi yabisi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu, kwa uhaba wa vyanzo, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kiwango hicho kimekwisha kuteremshwa, lakini mifupa iliyokunywa haikuteremka nacho. Hapo unaweza kutafuta kingamwili katika damu mwaka mzima, ilhali kisima ndicho chenye habari.

Waganga wenyewe, wakiwa makini, hawaipi damu kiti cha hakimu. Vigezo vya baridi yabisi vya mwaka 1987 vilikuwa saba, mgonjwa akitakiwa kutimiza vinne, na damu ilikuwa kigezo kimoja tu. Vile vya mwaka 2010 vina alama 10: viungo vyenyewe vyaweza kupata 5, kingamwili 3. Kigezo cha kwanza cha mwaka 1987 kilikuwa kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa muda usiopungua saa moja. Vigezo vipya havikukipa alama, lakini waganga wengi bado huuliza: "Mama, ukiamka, vidole hukaza mpaka saa ngapi?" Yule mama, nilipomwuliza hivyo mimi nisiye mganga, alifikiri kidogo, akasema hukaza mpaka jua liuache ule mbuyu wa mashariki. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla.