Uokoe Nini Kwanza?

Kuna ndege ndogo za watu binafsi, kama Beechcraft Bonanza, ambazo hukunja magurudumu zikiwa angani. Kabla ya kutua, rubani huangalia taa za kijani zimwambie magurudumu yameshuka na kujifunga. Zikikataa kuwaka, kazi imeanza. Katika Bonanza kuna mkono wa kuzungusha, kama mizunguko 50 hivi, ili kuyashusha kwa nguvu ya mtu. Yakikwama kabisa, ndege itatua kwa tumbo.

Hapo ndipo nina swali. Propela ikigonga lami huku inazunguka, hupinda, na injini lazima ifunguliwe ikaguliwe. Hiyo ni pesa nyingi. Kwa hivyo rubani hujaribiwa kuzima injini akiwa bado juu, aokoe mali. Lakini akishaizima, hana nafasi ya pili. Akikosea kipimo, hawezi kupaa tena azunguke.

Mtu ataniambia, "Si ni mali yake? Ni jasho lake." Nakubali, ni jasho. Lakini abiria aliyeketi kando yake, huyo aliulizwa? Mimi naona hivi: mwenye mali ana ruhusa ya kuipoteza ili aokoe watu, hana ruhusa ya kuhatarisha watu ili aokoe mali. Chuma hununuliwa tena.

Sasa wewe, katika biashara yako na nyumbani kwako, unalinda nini? Na ni nani ameketi kando yako?