Koti la Kuazima Mbele ya Jopo

Saa kumi na moja alfajiri, katika steji ya Mikinduri, Meru, abiria anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi hujulikana kabla hajafungua mdomo. Bahasha ya kaki ameibana kwapani. Viatu vimepigwa rangi usiku, na sasa anachagua pa kukanyaga kwa sababu udongo mwekundu wa Tigania hauna huruma na viatu vyeusi. Koti ni la binamu, mabega yamemzidi kidogo. Meno ameyasugua mara mbili, maana ametoka nchi ya miraa, na huko aendako hakosi mtu ambaye akisikia tu jina Tigania humtazama mtu mdomoni.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapo pana hoja nzito kuliko ya mavazi. Kijana huyu, anayejipamba ili kwa nusu saa aonekane mtu ambaye siku nyingine si yeye, anafanya adabu au anasema uongo?

Makanisani jibu huwa karibu: Mungu hutazama moyo. Andiko linalotegemewa ni la Samweli wa Kwanza, sura ya 16, na ukilisoma vizuri utaona kuwa ni kisa cha usaili hasa. Nafasi ya mfalme iko wazi, nabii Samweli ametumwa Bethlehemu, wana wa Yese wanapitishwa mbele yake. Anatokea Eliabu, mrefu, ana umbo. Nabii anajisemea moyoni kwamba huyu ndiye. Anakatazwa. Anapita Abinadabu, anapita Shama, wanafika saba na hakuna aliyechaguliwa. Aliye machungani, Daudi, hata hakuitwa. Samweli angekuwa amejifunza, kwani Sauli, mfalme aliyekwisha kukataliwa, alisifika kwa kuwapita watu wote kwa kimo kuanzia mabegani. Lakini jicho la mwanadamu halikomi kwa funzo moja.

Wahubiri wengi huishia hapo. Aya chache mbele, andiko lilelile linatua kueleza kwamba Daudi alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza. Mwandishi aliyetoka kutuonya tusitazame sura hakuweza kujizuia kuisifu. Basi uzuri wenyewe haukuwa kosa, na Eliabu pia hakukemewa kwa urefu wake. Aliyekemewa ni mmoja tu, yule aliyekuwa akitazama.

Ukiushika uzi huo utakupeleka mbali. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unasimulia wageni wawili wanaoingia kwenye kusanyiko, mmoja na pete ya dhahabu na mavazi ya fahari, mwingine na nguo chafu. Mwenye pete haambiwi aivue, wala maskini haambiwi akafue. Lawama inamwangukia mpokeaji, aliyempa mmoja kiti kizuri na kumwambia mwenzake asimame kule au akae chini.

Katika Kurani, Sura ya 80, Abasa, jambo ni la ajabu zaidi. Wafasiri wanaeleza kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi alipojiwa na Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, aliyetaka kufundishwa. Uso ukakunjwa, na aya zikashuka kuonya. Kipofu hakuuona uso ule. Hakuumia kwa kuutazama, wala hakuwa na shitaka la kupeleka popote. Hata hivyo kukunjwa kwenyewe kulihesabiwa. Na yule aliyeuliza kama kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, hadithi iliyopokewa na Muslim inaonyesha alijibiwa kwamba Mungu hupenda uzuri; kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Kwa hiyo vitabu vinaelekea kumwachia kijana wa Mikinduri koti lake, na kuwageukia wale wanaoketi upande wa pili wa meza. Wao ndio wenye kazi ngumu. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha watu picha za nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hiyo ilitosha kwao kuamua nani mwaminifu na nani hodari. Walipoongezewa muda, hukumu haikubadilika sana. Kilichoongezeka ni uhakika wao kwamba wamehukumu sawa.

Kuna kazi ambazo mwili ndio cheti. Jeshi la Ulinzi la Kenya linapoandikisha makurutu, tangazo hutaja kimo kisichopungua mita 1.60 na, kwa wanaume, uzani wa kilo 54.55; uwanjani vijana hukimbizwa, hupimwa na kukaguliwa meno. Eliabu angepita mapema asubuhi. Hakuna wa kulaumiwa hapo, kwani mbio ni sehemu ya kazi yenyewe. Taabu huja pale karani wa hesabu anapopimwa kwa fimbo ya uwanjani, ila fimbo sasa imefichwa ndani ya macho ya mwenyekiti wa jopo.

Wameru wenyewe wana namna nyingine. Mzee haingii Njuri Ncheke, baraza lenye makao yake Nchiru, kwa sababu alijibu vizuri asubuhi moja. Hupanda kutoka mabaraza ya chini, na wenzake humtazama miaka: anavyogawa shamba, anavyonyamaza, anavyolipa deni. Utaratibu huo nao una upungufu wake, kwani umewaacha wanawake nje. Lakini kwa mambo ya siku ya kwanza haudanganyiki.

Na anayehojiwa je? Soko la miraa linajua mpaka wake. Kufunga miraa kwa majani ya mgomba si hila, bila majani itakauka kabla haijafika Nairobi. Hila ni kuweka vijiti vizuri nje na vibovu katikati. Mnunuzi mzoefu hasifu jani, hulifungua.

Wapo waliokataa hata kufungwa kwa jani wasilolitaka. Willy Mutunga alipohojiwa mwaka 2011 kwa nafasi ya Jaji Mkuu, kipuli cha sikioni mwake kilizua maswali. Alikieleza kuwa ni jambo la kiroho, la uhusiano wake na wahenga, na kwamba hatakivua kwa ajili ya cheo. Juni mwaka huo aliapishwa nacho. Mwaka 2016, akihojiwa kwa nafasi hiyohiyo, David Maraga, Msabato, aliliambia jopo waziwazi kwamba Jumamosi kwake ni siku ya ibada. Mshauri yeyote wa mahojiano angemwambia anyamaze. Akapewa kazi, na Agosti 2017, kesi ya uchaguzi wa urais ilipofika mbele ya Mahakama ya Juu, kikao cha matayarisho kiliitwa Jumamosi jioni, jua likiwa limeshatua.

Hao ni mawakili na majaji, watu wenye jina la kuegemea. Kijana wa bahasha ya kaki hana, na kumwambia aingie kwa shati lake la shambani ili apimwe kwa moyo wake ni kumtwika mzigo ambao andiko liliutwika jopo. Jioni anashuka kwenye matatu, viatu vimerudi kuwa vyekundu. Anaulizwa wamesema nini, naye anajibu kama wanavyojibu wote, kwamba watapiga simu. Koti analikung'uta vumbi, analikunja, na kulirudisha kwa binamu, ambaye ameitwa Alhamisi.